DAKTARI NI NANI, NA BIMA YETU YALIPA NINI?



Kila mwisho wa mwezi, kabla mshahara haujatufikia mkononi, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa ajili ya bima ya afya ya taifa. Mwenye kupata shilingi 20,000 hukatwa 550. Mwenye kupata 40,000 hukatwa 1,100. Hata mwenye kupata kidogo sana hukatwa, maana sheria yasema hapana mtu kulipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Fedha hizi si zawadi ya bwana yeyote. Ni jasho letu, nazo hutoka kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya unga na kabla ya karo ya watoto.

Basi mwenye kulipa ana haki ya kuuliza. Leo twataka kuuliza maswali mawili. Yule anayetutibu ni nani? Na nyumba anayotutibia imo katika bima yetu au haimo? Maswali haya yaonekana madogo, lakini wengi wetu wameumia kwa sababu hawakuyauliza mapema.

SABABU YA SISI KUANDIKA

Sisi tunaoandika ni watu wa reli, na asili yetu ni visiwa vya Lamu. Mtu atacheka aseme, reli na Lamu ni wapi na wapi? Ni kweli. Tarehe 2 Machi 2012 wakuu wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu wakazindua mpango mkubwa wa bandari, barabara, bomba la mafuta na reli. Gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa Mei 2021. Reli yenyewe hatujaiona. Kwa hiyo kijana wa Amu au wa Faza anayetaka kazi ya reli hupanda boti mpaka Mokowe, akapanda basi mpaka Mombasa. Huko ndiko tuliko, wengine karakana, wengine njiani, wengine stesheni.

Wake zetu, watoto na wazee wetu wamebaki kwetu: Amu, Matondoni, Siyu, Pate, Kizingitini, Mbwajumwali, Ndau, Kiwayu. Fedha zakatwa Mombasa, na mgonjwa yuko Kizingitini. Mtu wa mjini akikosa huduma hospitali moja, huvuka barabara akaenda nyingine. Mtu wa Pate hana barabara ya kuvuka. Ana bahari. Tena ni lazima angoje maji yajae, maana pale Mkanda, kati ya Manda na bara, boti haipiti maji yakitoka. Siku za maji mafu safari huwa ngumu zaidi, na wakati wa kusi bahari ya nje si ya kuchezea mgonjwa. Ndiyo sababu mtu wa visiwani lazima ajue mapema aende wapi, atatibiwa na nani, na nani atalipa. Akikosea hana nafasi ya kukosea mara ya pili siku hiyo hiyo.

KILA MWENYE KOTI JEUPE TWAMWITA DAKTARI

Lugha yetu ni tamu, lakini hapa imetuponza. Muuguzi twamwita daktari. Tabibu twamwita daktari. Mwenye duka la dawa twamwita daktari. Anayepima damu twamwita daktari. Hata kijana anayefagia chumba cha sindano, akivaa koti jeupe, mama mmoja atamwamkia, "Daktari, habari za kazi?"

Heshima si mbaya. Lakini yafaa tujue tofauti. Daktari kamili ni mtu aliyesoma chuo kikuu miaka sita, kisha akafanya kazi ya mafunzo hospitalini mwaka mmoja chini ya wakubwa wake, kisha jina lake likaandikwa katika daftari la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Daktari bingwa ni yule aliyerudi chuoni tena miaka mitatu au zaidi akasomea jambo moja, kama upasuaji, au magonjwa ya watoto, au uzazi. Tabibu, yaani afisa wa kliniki, amesoma miaka mitatu, akafanya mafunzo ya kazi mwaka mmoja, naye ana baraza lake. Muuguzi ana baraza lake. Mwenye kuuza dawa ana bodi inayomwangalia.

Hatusemi haya kumdharau mtu. Visiwani kwetu mara nyingi muuguzi na tabibu ndio wanaobeba kazi yote. Ndio waliotuzalisha, ndio waliotushona vidole vilipokatwa na nanga. Mtu anayewacheka hajui Lamu. Neno letu ni kwamba kila mtu aitwe kwa cheo chake na afanye kazi aliyopitishwa kuifanya. Tabibu mwema ni bora kuliko daktari wa uongo mara mia.

Tena cheti cha chuo hakitoshi. Ni lazima leseni ya kila mwaka. Daktari aliyefuzu miaka 20 iliyopita lazima arudi kwa Baraza mwaka kwa mwaka, aonyeshe kuwa ameendelea kujisomea, apewe leseni mpya. Leseni ya mwaka uliopita ni kama tikiti ya treni ya jana. Karatasi ni safi na muhuri upo, lakini safari imekwisha.

MAMBO HAYA SISI WA RELI TWAYAJUA

Kazini kwetu hapana mtu anayeruhusiwa kuendesha injini kwa kuwa ana sura ya udereva. Hata awe mtoto wa mkubwa. Lazima asome, afanye kazi chini ya dereva, apimwe macho, apasi mtihani. Akipasi bado hapewi njia yoyote tu. Lazima ajue njia ile, miinuko yake, mikunjo yake na alama zake. Dereva aliyezoea njia moja haachiwi njia nyingine usiku bila kufundishwa. Na kila muda fulani hupimwa upya, kwa maana macho hupungua na kanuni hubadilika.

Je, twaona vibaya kuulizwa cheti? La. Dereva mwenye cheti hafichi cheti. Anayekasirika akiulizwa ndiye wa kuogopwa. Abiria wako mia tano nyuma ya injini wamelala, wamemwamini mtu wasiyemwona. Wanaweza kulala kwa sababu kuna mtu aliyeuliza kwa niaba yao kabla treni haijaondoka.

Mgonjwa juu ya meza ya upasuaji ni abiria aliyelala. Nani ameuliza kwa niaba yake?

Mwaka 2015 wananchi walishtuka kusikia habari ya mtu wa Nairobi aliyekuwa akiendesha zahanati na kutibu wanawake, kumbe jina lake halimo katika daftari la madaktari. Mambo aliyoshitakiwa ni ya kutisha, na mahakama ilimtia hatiani. Watu wengi walikuwa wameingia mlangoni mwake bila kuuliza. Waliona kitanda, waliona koti, waliona chupa za dawa, wakaona yatosha.

VITU VITATU, WALA SI KIMOJA

Sasa tuje kwenye bima. Wengi hudhani kwamba daktari akiwa mzuri, basi bima italipa. Wengine hudhani kwamba bima ikilipa, basi daktari ni mzuri. Mawazo yote mawili yana makosa. Kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina mlango wake.

Cha kwanza ni mtu. Jina lake limo katika daftari, na leseni yake ni ya mwaka huu?

Cha pili ni nyumba. Zahanati, kituo cha afya au hospitali imepewa leseni, na ya daraja gani? Nyumba ya daraja la chini haina ruhusa kufanya upasuaji mkubwa, hata daktari wake awe bingwa wa mabingwa.

Cha tatu ni mkataba. Nyumba hiyo ina mkataba na mamlaka ya bima, ile tunayoiita SHA, na mkataba huo ungali hai? Mkataba ni wa nyumba. Daktari mmoja aweza kufanya kazi asubuhi katika hospitali ya serikali ambayo imo katika bima, na jioni katika zahanati ya mtu binafsi ambayo haimo. Ni daktari yule yule, mikono ni ile ile, lakini asubuhi bima italipa na jioni utalipa mwenyewe.

Na bima yenyewe ina mifuko mitatu. Mfuko wa afya ya msingi walipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, nao fedha zake hutoka serikalini. Mtu akiwa amejiandikisha hutibiwa huko bila kutoa kitu, hata kama hana mchango. Mfuko wa pili ndio wa michango yetu, nao walipia kulazwa na matibabu ya hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito ya muda mrefu. Mzee wa Siyu mwenye homa hana haja ya kupelekwa mbio Mombasa aanze kutoa fedha. Aanze zahanati ya kwao, ni haki yake. Kama ugonjwa ni mkubwa, apelekwe Faza, au hospitali ya kaunti ya King Fahd mjini Amu, au mbele zaidi. Na kama ni dharura, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema wazi kwamba hapana mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haikusema "mpaka atoe amana kwanza".

Mwenzetu mmoja aliona mambo haya kwa macho yake. Mkewe alishikwa na uchungu wa kuzaa, na jamaa walimvusha mpaka bara wakamwingiza katika nyumba ya matibabu ya mtu binafsi. Jina la nyumba hiyo hatulitaji. Mlangoni palikuwa na kibandiko cha bima. Mama alipasuliwa, mtoto akatoka salama, alhamdulillahi. Siku ya kutoka wakaambiwa kwamba nyumba ile haina ruhusa ya bima kwa kazi ya upasuaji, walipe taslimu. Na bima ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba yalipia shilingi 30,000 kwa mzazi aliyepasuliwa katika hospitali inayostahili. Mwenzetu alikopa katika chama cha akiba na mikopo, na deni lile lamkata mpaka leo.

Baadaye akataka kupeleka malalamiko. Akaulizwa, aliyempasua mkeo ni nani? Hakujua. Karatasi ya kutokea ilikuwa na mkwaruzo wa kalamu tu. Mke hakujua, mama mkwe hakujua, nahodha wa boti hakujua. Wote walimwita "daktari". Malalamiko bila jina ni barua bila anwani. Huyu mtu amelipa bima kila mwezi tangu aanze kazi, na siku ya haja hakuwa na jina la daktari wala nyumba yenye mkataba.

TULIKOTOKA

Vijana yafaa wajue kwamba bima hii haikuanza jana. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya huru iliondoa malipo ya wagonjwa wa nje katika hospitali za serikali. Mwaka 1966 Bunge likaanzisha bima ya hospitali ya taifa, na mwenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi alikatwa shilingi 20. Mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa watu wasio na ajira kuingia kwa hiari. Mwaka 1989 malipo yakarudishwa hospitalini, wakaita kuchangia gharama, na maskini wengi wakaanza kufia nyumbani. Mwaka 1998 bima ikafanywa shirika. Mwaka 2015 viwango vikapandishwa, kuanzia 150 mpaka 1,700 kwa mwezi. Mwaka 2023 sheria mpya ikapita, ikapingwa mahakamani, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ikashika kazi kwa asilimia 2.75.

Kwa mabadiliko haya, mwenye 20,000 aliyekuwa akikatwa 750 sasa hukatwa 550, na mwenye 50,000 aliyekuwa akikatwa 1,200 sasa hukatwa 1,375. Mwenye laki moja aliyekuwa akikatwa 1,700 sasa hukatwa 2,750. Hatulalamiki kwamba mwenye kupata zaidi atoe zaidi. Hiyo ndiyo maana ya kusaidiana, na chama chetu chenyewe kimejengwa kwa shauri hilo. Lakini twauliza: mwajiri ametoa ngapi? Hakuna. Yeye hukata yetu na kupeleka, basi. Ujerumani, sheria ya bima ya wagonjwa ya mwaka 1883 ilimtaka mwajiri atoe theluthi moja na mfanya kazi theluthi mbili. Jirani zetu Tanzania, bima ya watumishi wa serikali iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 ilimtoza mtumishi asilimia 3 na mwajiri asilimia 3. Kwa nini mwajiri wa Kenya awe tarishi tu wa kupeleka fedha za watu? Mfanya kazi mwenye afya ni faida ya nani?

Na utarishi wenyewe wengine hawaufanyi vizuri. Sheria yataka michango ifike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wako waajiri wanaokata na kukaa nazo. Mfanya kazi hajui kitu mpaka afike hospitali na mtoto mgongoni, aambiwe mchango haujaingia. Karatasi ya mshahara yaonyesha amekatwa, na mtambo wa bima waonyesha hakulipa. Ameibiwa, hata kama wengine watauita mkasa huo kwa jina la heshima.

WIZI NDANI YA BIMA

Lazima tuseme na lililo chungu. Fedha za bima zimeibiwa, na zimeibiwa kwa njia ya miili yetu. Mwaka 2023 waandishi wa habari wa televisheni walionyesha jinsi wazee wa vijijini walivyokusanywa kwa ahadi ya kupimwa bure, kisha wakapasuliwa bila haja ili hospitali zidai fedha. Serikali ikasimamisha mikataba ya hospitali kadhaa. Mwaka 2025, chini ya mamlaka mpya, makumi ya vituo vikasimamishwa tena kwa madai ya uongo, kama kudai fedha za mgonjwa aliyelazwa, kumbe hakulala hata usiku mmoja.

Angalieni hapo. Udanganyifu wa namna hii wataka mikono mingi. Wataka mtu wa kutia sahihi ya daktari, na wataka mwanachama wa kutia kidole. Mwanachama anayempa binamu yake nambari yake ya bima, au anayetia kidole kwa huduma asiyoipata ili apewe shilingi 500 ya soda, huyo ametoboa mashua aliyopanda mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Hatuwezi kudai usafi kwa madaktari na sisi wenyewe tuna mikono michafu.

Na hapa ndipo maswali yetu mawili yanapokutana. Mwizi wa bima hapendi daktari ajulikane jina. Jina la daktari likiandikwa wazi kwenye kila karatasi, pamoja na nambari yake ya daftari, itakuwa vigumu kudai kwamba alipasua watu 14 siku moja, au kwamba alikuwa Lamu na Nairobi saa ile ile. Cheti cha daktari hulinda mwili wa mgonjwa na mfuko wa bima pamoja.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wako watakaosema, "Lamu madaktari ni wachache. Mkianza kuwauliza vyeti watakimbia." Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Kweli kuja kufanya kazi kwetu si rahisi. Watu wa bara wanakumbuka mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014. Wanakumbuka pia madaktari wawili wa Cuba waliotekwa Mandera Aprili 2019, ingawa walikuja kutusaidia. Lakini angalieni mfano huo huo wa Wacuba. Mwaka 2018 walikuja 100, wakagawanywa katika kaunti. Walikuwa mabingwa wa kwao, wamealikwa na Serikali yenyewe, na bado walipitishwa na Bodi ya Madaktari ya Kenya kabla ya kugusa mgonjwa. Hakuna aliyesema wametukanwa. Mpango wao ulimalizika mwaka 2023, lakini kanuni ilikuwa njema. Kama mgeni wa Serikali aliulizwa, mwingine anaogopa nini?

Daktari mwema hakimbizwi na swali. Hukimbizwa na mshahara uliochelewa, nyumba mbovu, chumba cha upasuaji kisicho na umeme wa uhakika, na hofu ya usalama. Tangu mwaka 2013 hospitali zetu ziko chini ya serikali za kaunti. Kaunti ikitaka mabingwa wakae Lamu, iwalipe kwa wakati na iwalinde. Sisi wafanya kazi tutakuwa wa kwanza kuwatetea, maana nao ni wafanya kazi. Mwaka 2017 mgomo wao ulidumu siku 100, na mwaka 2024 walitoka tena siku 56. Walidai yale yale tunayodai sisi, yaani makubaliano yaliyotiwa sahihi yatimizwe.

Wengine watasema, "Haya ni mambo ya Serikali, chama cha wafanya kazi yakihusu nini?" Tunawajibu hivi: fedha zatoka kwenye mshahara, na mshahara ndiyo kazi ya chama. Tukigombana na mwajiri miezi sita tukapata nyongeza ya shilingi 1,000, kisha bili moja ya hospitali ikala nyongeza ya miaka mitano, tumepata nini?

Na wengine watasema, "Watu wetu hawajui kusoma vyeti." Sisi wenyewe tumesoma shule ya msingi ya misheni tu, na twaweza kusoma jina na tarehe. Kama karatasi imeandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, mama wa Ndau ataisomewa na mwanawe wa darasa la nne. Shida si akili za watu. Shida ni kwamba karatasi hiyo haijabandikwa.

TWATAKA NINI

Kwanza, kila nyumba ya matibabu katika kaunti yetu, ya serikali na ya watu binafsi, ibandike mlangoni orodha kwa Kiswahili: majina ya wanaotibu, cheo cha kila mmoja, nambari yake ya daftari, na mwaka wa leseni. Chini yake iandikwe daraja la nyumba, na huduma zipi zalipiwa na bima na zipi hazilipiwi. Nyumba ikisimamishwa, kibandiko cha bima kitolewe siku hiyo hiyo.

Pili, karatasi ya kutokea hospitali iwe na jina kamili la aliyemtibu mgonjwa, lisomeke.

Tatu, wawakilishi wetu kazini wadai kwa mwajiri kila mwezi hati ya kuonyesha kwamba michango imefika, nao waibandike ubaoni karibu na orodha ya zamu. Mwajiri anayekata asipeleke ashitakiwe.

Nne, katika mkataba ujao wa kazi chama kidai mwajiri naye atoe fungu lake kwa afya ya wafanya kazi.

Tano, serikali ya kaunti iweke boti ya wagonjwa yenye mtu wa kuiendesha usiku na mchana, kwa visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu, na mpango wa maji kujaa na kutoka ujulikane hospitalini kama sisi tunavyojua saa za treni. Bima inayolipia kitanda Amu haimsaidii mtu aliyekwama Mtangawanda.

Sita, wavuvi, manahodha, wachukuzi wa punda na mafundi wa majahazi wasitupwe nje. Wao hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya shilingi 3,600. Mvuvi hapati fedha kwa mwezi, hupata kwa msimu. Wakati wa kusi hana kitu. Apangiwe kulipa wakati wa kaskazi, siku za samaki.

NA SISI TUFANYE NINI

Kudai peke yake hakutoshi. Kila mwanachama na aandikishe watu wake wote, mke na kila mtoto, sasa hivi wakiwa wazima. Piga *147# katika simu, au nenda kwa wakala. Usingoje mgonjwa awe botini. Chunguza mapema ni hospitali gani za karibu na nyumba yako zina mkataba, uandike majina yake nyuma ya mlango. Daftari la madaktari liko wazi kwa wananchi, na mwenye simu ya intaneti aweza kulitafuta jina. Asiyeweza amwombe mwakilishi wa tawi.

Ukifika mbele ya daktari, uliza kwa adabu. Watu wa Lamu tunajulikana kwa adabu, na adabu haikatazi swali. Sema, "Samahani daktari, naomba jina lako kamili niliandike." Basi, umemaliza. Kama ni daktari wa kweli atakuandikia mwenyewe. Kisha uliza kwenye dirisha la malipo, "Huduma hii iko ndani ya bima hapa kwenu?" Uliza kabla ya sindano.

Wazee wetu wa reli na bandari, waliogoma Mombasa Januari 1947, hawakuwa na bima, wala hawakuwa na simu za kutafutia majina. Walikuwa na umoja tu, na kwa umoja huo walisikilizwa. Sisi tuna sheria, tuna Katiba, na kila mwezi twalipa. Tusikubali kulipa gizani. Mwanachama atakayesoma karatasi hii amsomee jirani yake, kisha aipeleke kwao visiwani na boti ya kwanza. Na mkutano ujao wa tawi jambo hili liwekwe mbele, lipigiwe kura, liandikwe katika kumbukumbu za chama.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wafanya kazi wa reli, wenyeji wa visiwa vya Lamu.